Shaba yetu njo kitanda: namna wanapanga tabaka za atomu na kuzizungusha

Tangu tarehe 22 mwezi wa pili 2025, wakati serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, kuna swali moja lenye kurudi mu mazungumzo, kuanzia Kolwezi mpaka Kipushi: kama kesho wenye viwanda wanapata kitu kingine cha kuweka mu batri na mu mashini zao, sisi tutakula nini? Kuanzia tarehe 16 mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, serikali iliruhusu tena, lakini kwa kipimo. Swali halikuisha. Na mu simu za vijana majina mapya yanapita: grafeni, madini ya tabaka moja, "pembe ya uchawi". Wengine wanasema asema hiyo njo itaua kobalti. Wengine wanasema ni maneno ya wasomi, haituangalie.

Sisi tumeona afazali kuieleza kazi hiyo polepole, kwa sababu inatuangalia kuliko vile watu wanazani. Kazi yenyewe ni hii: kutwaa tabaka moja ya kaboni, nyembamba kama atomu moja, kuweka ingine juu yake, na kuizungusha kidogo sana. Tutaona namna wanaifanya, tutaona shaba inaingia wapi ndani yake, na tutaona wachimbaji wa Tanzania wamekwisha kupewa heshima gani mu mambo hayo. Nyuma, kila mutu atapima mwenyewe.

Jiwe lenye kubanduka

Mutu mwenye kufika Manono anajua mika. Ni jiwe lenye kungaa. Unaingiza ukucha, unabandua karatasi moja, halafu ingine, halafu ingine, na haziishi. Sababu yake si ngumu. Ndani ya karatasi moja atomu zinashikana kwa nguvu. Kati ya karatasi na karatasi zinashikana kidogo tu. Ni sawa na sahani zenye kupangwa mu kabati: kuvunja sahani moja kunaomba nguvu, lakini kutosha sahani ya juu ni kazi ya mutoto.

Grafiti pia iko vile. Grafiti ni ile nyeusi ya ndani ya krayoni ya masomo. Mutoto akiandika, tabaka za grafiti zinatoka ku krayoni na kubaki ku kaye. Mu grafiti yenye unene wa milimeta moja kuna tabaka kama milioni 3. Tabaka moja, yenyewe peke yake, njo wanaita grafeni: atomu za kaboni zenye kupangwa sita sita, sawa nyumba ya nyuki. Haina unene mwingine isipokuwa ule wa atomu. Kwa hiyo wasomi wanasema ni kitu cha urefu na upana tu.

Hapa kwetu wachimbaji wanashika vitu vya tabaka kila siku. Hétérogénite, ile kobalti nyeusi yenye kujaza mifuko mu njia ya Kolwezi, imepangwa kwa tabaka za kobalti na oksijeni. Malakiti ni ingine: ile mistari ya kijani yenye kuonekana kwa macho ni alama ya namna jiwe lilikomaa, si karatasi za atomu. Ukiipasua, haibanduke sawa mika.

Na kobalti ikifika mwisho wa safari yake, mu batri ya simu, inapangwa tena kwa tabaka. Mu mwaka 1980, ku Oxford, Uingereza, kundi la John Goodenough lilionyesha asema litiumu inaweza kuingia na kutoka kati ya tabaka za kobalti na oksijeni, sawa watu wa poste wenye kuingia na kutoka mu mugodi, bila mugodi kuanguka. Mu 1991 kampuni Sony ilianza kuuza batri za namna hiyo, na upande ule mwingine wa batri ni kaboni, ambayo siku hizi ni grafiti, nayo ya tabaka. Mu 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa zawadi ya Nobel. Kwa hiyo tabaka si jambo la mbali. Tuko tunakula mu tabaka, tangu miaka mingi.

Skoch ya kufungia kartoni

Watu wa zamani walijua asema grafiti ni tabaka. Lakini nani ataweza kutosha moja tu, peke yake, na kuiona? Mu mwaka 2004, ku université ya Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walifanya na kitu kila duka la Kamalondo linauza: skoch. Walibandika skoch ku grafiti, wakakunja, wakabandua, wakakunja tena, wakabandua tena. Kila mara grafiti ilipasuka mara mbili, ikakuwa nyembamba zaidi. Mwisho walikandamiza skoch ile juu ya silisiumu yenye ngozi ya kioo, wakatafuta na mikroskopi. Vipande vingine vilibakia tabaka moja tu. Mu 2010 wote wawili walipewa Nobel.

Hata leo, labo mingi zinaanza kazi vile vile. Mutafiti anakaa masaa mbele ya mikroskopi, anatafuta kipande kizuri kati ya vipande elfu, sawa mama mwenye kuchagula mawe mu mchele. Tabaka moja ya grafeni inazuia mwangaza asilimia 2 hivi tu, lakini juu ya ngozi ya kioo yenye unene wa sawasawa jicho linaiona: rangi inabadilika kidogo. Mwenye kuzoea anaitambua mbio, sawa vile muchimbaji muzee anapima malakiti kwa jicho mbele ya kupeleka ku négociant.

Mustikeri mbili

Sasa tufike ku kuzungusha. Twaa mustikeri mbili za kitanda, moja juu ya ingine, na uziangalie mbele ya dirisha. Kama matundu yanaangaliana sawasawa, unaona mustikeri moja tu. Zungusha moja kidogo: mara moja unaona madoa makubwa, ya weusi na weupe, yenye kupangwa mu mustari. Hakuna mutu aliyeyashona. Yanazaliwa juu matundu ya chini na ya juu yanakutana pengine, na pengine yanaachana. Ukizungusha zaidi, madoa yanakuwa madogo. Ukizungusha kidogo sana, yanakuwa makubwa.

Tabaka za atomu ziko vile. Kutoka katikati ya chumba kimoja cha nyumba ya nyuki ya grafeni mpaka katikati ya chumba cha pembeni kuna urefu wa nanometa 0.25 hivi, nanometa moja ni milimeta moja yenye kukatwa mara milioni. Ukiweka grafeni juu ya grafeni na kuzungusha degre 1.1, madoa yanakuja kila nanometa 13. Kwa atomu, hayo ni madoa makubwa sana: ni kama umejenga jiwe mupya, lenye vyumba vikubwa, bila kuongeza atomu ya namna ingine. Ni kaboni paka kaboni.

Degre 1.1 ni kiasi gani? Angalia saa ya ukuta. Mukono mrefu unatembea degre 6 mu dakika moja. Degre 1.1 ni vile unatembea mu segonde 11. Ni pembe yenye macho haiwezi hata kuikamata.

Mu 2011, ku université ya Texas mu muji wa Austin, Rafi Bistritzer na Allan MacDonald walipiga hesabu, wakasema: ku pembe karibu degre 1.1, elektroni za ndani ya grafeni zitapungua mbio. Kwa kawaida elektroni mu grafeni zinakimbia sana, hakuna yenye kuangalia ingine. Ni sawa na makamyoni ku njia yenye kuwa wazi. Ku pembe ile zinakuwa sawa makamyoni ku Kasumbalesa siku ya mustari murefu: zinasogea polepole, na kila moja inalazimishwa kuona yenye kuwa mbele na nyuma. Elektroni zikianza kuonana hivi, zinaweza kufanya mambo hazifanyake peke yake.

Mu 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero, ku MIT kule Marekani, pamoja na kijana mwanafunzi Yuan Cao, lilionyesha mambo yenyewe. Grafeni mbili zenye kuzungushwa ku pembe ile zilifunga njia ya umeme mahali hesabu ya kawaida inasema umeme utapita. Walipobadilisha kidogo hesabu ya elektroni, kwa kugeuza volti ya pembeni, umeme ukapita bila kizuizi hata kidogo. Umeme wa namna hiyo haupoteze kitu. Kila mutu wa Katanga anajua asema umeme wenye kutoka Inga unasafiri kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi, tangu laini ile ilimalizika mu 1982, na mu safari sehemu moja inapotea kama moto wa waya. Ndani ya kitu chenye kupitisha umeme bila kizuizi, moto ule haupo.

Mbele ya kufurahi, tuseme na ingine: grafeni yenye kuzungushwa inafanya vile paka ku baridi ya degre 271 chini ya sifuri. Haitafika ku laini ya Inga. Faida yake kwa sasa ni kufundisha: kwa pembe moja tu wasomi wanaweza kugeuza kitu kimoja kikafunga umeme ao kikaupitisha. Hakuna buloji ndani. Jina "pembe ya uchawi" ni mchezo wa wasomi wenyewe.

Namna wanafanya mukononi

Kupata pembe ya degre 1.1 si mchezo. Ukitwaa grafeni mbili kutoka sehemu mbili tofauti, utajua namna gani atomu za hii zinaangalia wapi na za ile zinaangalia wapi? Kwa jicho haiwezekane. Kwa hiyo, kuelekea 2016, kundi la Emanuel Tutuc, pia ku Texas, lilikuja na akili moja nyepesi: usitwae mbili, twaa moja na uikate mara mbili. Nusu zote mbili zilitoka ku karatasi moja, basi atomu zao zinaangalia upande mmoja. Ukijua hiyo, kinachobaki ni kupima pembe ya meza.

Kazi inaenda hivi. Kwanza wanatayarisha kioo kidogo chenye tone la mpira wenye kuona ndani, na juu ya tone wanavalisha ngozi nyembamba ya plastiki yenye kunata ikipata moto. Pili, na ngozi ile wanainua kipande cha nitridi ya boroni, kitu kingine cha tabaka, cheupe, chenye kulaza grafeni vizuri sawa godoro. Tatu, wanashusha godoro lile juu ya nusu moja ya grafeni, polepole, na mikroskopi juu. Nusu ile inanata, wanainua. Ine, wanazungusha meza degre 1.1, ao kidogo zaidi. Tano, wanashusha tena na kuinua nusu ya pili. Sita, wanalaza yote juu ya godoro lingine, wanayeyusha plastiki, wanaosha, na wanaunga nyaya.

Wengine leo wanakata grafeni mbele na lazeri ao na sindano nyembamba sana, kusudi isipasuke vibaya wakati wa kuinua.

Kila hatua iko na hatari yake. Pumzi ya hewa ikiingia kati ya tabaka, inafanya kibofu, na ku kibofu pembe inapotea. Moto ukizidi, tabaka zinateremuka zenyewe na kurudi ku sifuri, juu zinapenda kulala sawasawa. Mahali pamoja pembe inakuwa 1.1, nusu ya unene wa unywele pembeni inakuwa 1.0, na kazi ya juma moja inaharibika. Vipande vingi vyenye kutengenezwa havifanye kitu cha maana. Mwenye kufaulu ni mwenye subira na mukono mutulivu.

Na hata godoro lile jeupe si kila mutu anaweza kulitengeneza. Kwa miaka mingi, labo za dunia nzima zimeomba nitridi ya boroni kwa watu wawili wa Japani, Kenji Watanabe na Takashi Taniguchi, wa taasisi NIMS ku Tsukuba, wenye kuipika ndani ya mashini ya kukandamiza kwa nguvu nyingi na moto mukali. Tunasema hiyo kusudi vijana waelewe: mu kazi hii, mwenye kutengeneza kitu safi anahitajiwa sawa mwenye kupata Nobel. Jina lake linatiwa mu kila maandiko.

Mu 2024, watafiti wa Harvard na wenzao walionyesha mashini ndogo, ya kukaa ku kipande cha silisiumu, yenye kuweza kuzungusha tabaka moja juu ya ingine na kubadilisha pembe bila kuanza kazi upya. Hiyo inaonyesha njia inaelekea wapi: kutoka mukono wa mutu, kwenda ku mashini.

Shaba inaingia hapa

Skoch inatosha kwa masomo. Haitoshe kwa kiwanda. Kiwanda kinaomba grafeni pana, si chembe. Na hapo njo jina la Katanga linaingia, hata kama halitajwe.

Mu 2009 kundi la Rodney Ruoff, ku Austin, lilionyesha asema grafeni inaweza kukomea juu ya karatasi ya shaba. Wanatwaa karatasi ya shaba nyembamba, ya sehemu 25 mu elfu ya milimeta, wanaiingiza mu furu ya degre karibu 1,000, wanapitisha gesi ya metani. Ku moto ule, metani inaachana juu ya shaba, kaboni inabaki na kujipanga sita sita. Na ikimaliza kufunika shaba, inasimama karibu yenyewe, tabaka moja.

Sababu gani shaba? Nikeli pia inaweza. Lakini nikeli inakunywa kaboni ndani yake, halafu ikipoa inaitapika, na tabaka zinakuja nyingi, bila mpango. Shaba haikunywe kaboni, ao kidogo sana. Kaboni inabaki juu tu. Kitanda kikifunikwa, hakuna nafasi ingine ya kuzaa. Wazee wetu waliyeyusha shaba na kuimwaga mu umbo la musalaba, misalaba ile ya Katanga yenye kutumika kama feza; hawakujua asema chuma kile kile kitakuwa kitanda cha karatasi nyembamba kupita zote.

Nyuma ya hapo shaba lazima itoke. Wanaiyeyusha mu maji ya dawa, kwa mufano kloriri ya chuma, mpaka grafeni inabaki inaelea juu ya maji. Watu wa hydro ku Likasi na Kolwezi hawatashangaa: ni mambo ya kuyeyusha shaba mu maji makali, wao wanayajua kuliko sisi. Wengine wanatumia umeme kutosha mapovu kati ya shaba na grafeni, kusudi karatasi ya shaba itumike tena. Nyuma, grafeni inalazwa, ingine inalazwa juu yake kwa pembe yenye kupimwa.

Si shaba peke yake. Mu 2014 watu wa Samsung na université Sungkyunkwan ya Korea ya Kusini walikomesha grafeni juu ya germaniumu, na karatasi yote ikakuwa ya mpango mumoja, bila kiraka. Germaniumu, wasomaji wetu wa Lubumbashi wanajua iko wapi. Iko mu terril, ule mulima mweusi wenye kuangalia muji, juu makaa ya furu yalikuwa yanapokea mawe ya Kipushi, na mawe ya Kipushi yako na germaniumu. Mu mwezi wa kumi 2024, Gécamines na STL walipeleka mara ya kwanza germaniumu yenye kutoka mu terril kwa kampuni Umicore ku Ubelgiji. Mu muji mumoja, vitanda viwili.

Lakini tuhesabu sawasawa. Shaba yetu inatoka kama kathodi, sahani nene, safi asilimia 99.99. Karatasi nyembamba ya shaba, yenye bei juu zaidi, inatengenezwa kwa wengine. Grafeni yote ya dunia haiwezi kunywa hata sehemu ndogo ya shaba yenye kupita Kasumbalesa. Faida haiko mu uzito. Iko mu kazi ya kusafisha na kupiga nyembamba, na kazi ile bado haiko hapa.

Jiwe la Merelani

Kabla ya wasomi kuzungusha tabaka, udongo ulikuwa umekwisha kuzipanga. Ku Merelani, kaskazini mwa Tanzania, karibu na Arusha, wachimbaji wanafuata tanzaniti tangu 1967. Jiwe lile la buluu liko ndani ya mwamba wenye kujaa grafiti. Muchimbaji akitoka mu shimo, ni mweusi kuanzia kichwa mpaka miguu, anangaa sawa amepakwa krayoni. Vumbi ile si nzuri kwa mapafu, iwe ya grafiti, iwe ya mwamba. Mutu mwenye kuvaa kitambaa chenye maji ku pua anapunguza kidogo tu, haimalize.

Mu mawe yenye kutoka pale, watu walikuwa wanaona nywele nyembamba, nyeusi, zenye kungaa. Mu 2016, John Jaszczak wa Michigan Technological University, pamoja na Michael Rumsey wa Uingereza, Luca Bindi wa Italia na wengine, walionyesha asema nywele zile ni madini mupya. Ndani yake kuna tabaka za namna mbili zenye kupishana: moja ya molibdeni na salfa, ingine ya risasi na salfa. Tabaka hizi mbili hazina kipimo kimoja, matundu yao hayaangaliane. Kwa hiyo zinajikunja pamoja, sawa mukeka wenye kukunjwa, na kufanya unywele. Kitu ambacho labo zinatafuta kwa skoch na mikroskopi, kulaza tabaka za namna mbili pamoja, Merelani ilikuwa imefanya tangu zamani, chini ya udongo, bila kuzungushiwa meza.

Wakaiita merelaniiti, na muungano wa dunia wa wasomi wa madini, IMA, ukaichagua kuwa madini ya mwaka 2016. Jina lile walisema ni la mahali, na ni heshima kwa wachimbaji wa pale, wa zamani na wa leo.

Tusimame hapo kidogo. Katanga iko na madini mengi yenye kuzaliwa jina hapa. Sengieriti ina jina la Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière. Kornetiti ina jina la Jules Cornet, mwanageolojia. Renieriti ya Kipushi ina jina la Armand Renier, mwanageolojia wa Ubelgiji. Likasiti na kolweziti ziko na majina ya miji. Haya yote ni sawa. Lakini mutu mwenye kushuka mu shimo na kutosha jiwe lile la kwanza, jina lake haliko pale. Ku Merelani, wasomi waliona asema bila wachimbaji hawangepata unywele mumoja, na walisema hivyo kwa maandiko.

Sasa sisi?

Turudi ku swali la mwanzo. Grafeni yenye kuzungushwa haitaua kobalti. Haishike nafasi ya kobalti mu batri hata kidogo. Ni kazi ingine. Chenye kupunguza kobalti ni kingine, na kiko hapa leo: batri za chuma na fosfati, zenye kuitwa LFP, ambazo hazina kobalti hata gramu. Batri hizo zimeingia mu magari mengi, zaidi ku China. Mutu mwenye kuogopa, aogope sababu ya kweli.

Tena, mutu akikuja ku dépôt na kusema anauza ao anatafuta "jiwe la grafeni", ujue ni mwongo. Hakuna jiwe la grafeni mu udongo. Kuna grafiti, na grafeni inatengenezwa kutoka grafiti ao kutoka gesi. Mufuko wa vumbi nyeusi hauwe grafeni kwa kubadilisha jina. Feza za masomo ya watoto zisiende kule.

Chenye kubaki ni watoto wenyewe. Kuanza kazi hii hakuombe mugodi. Skoch, grafiti safi, mikroskopi nzuri, na mwalimu: mwanafunzi wa Polytechnique anaweza kutosha tabaka moja na kuiona kwa macho yake. Kupima umeme wake ku degre 271 chini ya sifuri njo kunaomba feza nyingi. Lakini kukomesha grafeni juu ya shaba ni furu, gesi, na shaba safi. Kati ya vitu hivyo vitatu, kimoja tuko nacho kwa wingi.

Mu mwezi wa ine 2022, UNILU ilifungua hapa Lubumbashi kituo cha Afrika cha masomo ya batri, pamoja na vyuo vya Zambia. Mu mwezi ule ule Kongo na Zambia walitia mukono ku mapatano ya kufanya vifaa vya batri. Mwaka mumoja mbele, watu wa BloombergNEF walihesabu asema kiwanda cha kutayarisha vifaa hivyo, cha tani 10,000 kwa mwaka, kingejengwa mu Kongo na dola milioni 39, mara tatu chini ya bei ya Marekani. Hesabu iko. Mapatano yako. Kinachokosa kuonekana ni kiwanda.

Baba mwenye kushuka mu shimo, mama mwenye kuosha mawe ku mto, munalipa minerval na mikono yenu. Mutoto akirudi nyumbani na kusema anataka kusoma kemia, ao fizike, musimwambie asema ni masomo ya njaa. Mumuulize ku kituo kile cha UNILU wanapokea wanafunzi namna gani. Na wakubwa wetu, wale wenye kutia mukono ku mapatano, tunawauliza kwa heshima: karatasi ya shaba ya kwanza yenye kupigwa hapa Lubumbashi, tutaiona mwaka gani?